Iafoni ya pleya: mambo ambayo kasha halikwambii

Mtu ananunua iafoni dukani kando ya Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka ya Lamu, anafika nyumbani, anazichomeka kwenye pleya yake ndogo na kufungua taarabu anayoijua kwa moyo. Udi upo, fidla ipo, dumbaki inalia. Mwimbaji hayupo. Ukitega sikio sana utamsikia kwa mbali, kama anayeimba kutoka ndani ya kisima. Iafoni zinarudishwa dukani, muuzaji anazichomeka kwenye simu yake, sauti inatoka safi kabisa, na hapo ubishi unaanza: mmoja anasema ameuziwa kitu kibovu, mwengine anasema pleya ndiyo mbovu.

Hakuna kibovu hapo. Iafoni nzima na pleya nzima, ila pini na tundu haviafikiani. Na mkanganyiko huu ni mmoja tu kati ya mingi inayomkuta mtu mwenye shilingi chache na nia ya kusikiliza muziki, kasida au kisomo cha Qurani vizuri. Makasha yamejaa maneno makubwa, bei hazieleweki, na kila rafiki ana ushauri wake.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Pleya ni kile kifaa cha mfukoni kinachosoma muziki kutoka kwenye kadi ya memori. Wengi hukiita MP3 tu. Iafoni ni zile za kutia sikioni. Hedifoni huvaliwa kichwani kwa utepe, na vikombe vyake hukalia au hufunika sikio lote. Ndani ya kila upande mna spika ndogo iitwayo draiva. Mwisho wa waya kuna pini ya chuma yenye unene wa milimita 3.5, nayo huingia kwenye tundu la pleya.

Sasa itazame ile pini kwa karibu. Utaona mistari myeusi inayoizunguka. Mistari miwili maana yake pini imegawika vipande vitatu: ncha ni sauti ya kushoto, kipande cha kati ni kulia, na cha mwisho ni njia ya pamoja ya kurudisha umeme. Mistari mitatu maana yake kuna kipande cha nne, cha maiki, kwa ajili ya kupigia simu. Pleya nyingi hazina habari na maiki. Tundu lake limetengenezwa kwa vipande vitatu, na matundu mengine huigusa pini sehemu ya maiki badala ya ile njia ya kurudisha umeme. Umeme ukikosa njia yake, upande wa kushoto na wa kulia hurudishana wenyewe kwa wenyewe, na kila sauti iliyo sawa pande zote mbili hufutika. Mwimbaji hurekodiwa katikati, yaani sawa pande zote mbili. Ndiyo sababu yeye hupotea na ala zilizo pembeni hubaki.

Kuthibitisha ni rahisi. Bonyeza kile kifungo cha kupokelea simu kilicho kwenye waya, ukishikilie. Mwimbaji akirudi mara moja, umepata jibu. Jaribu pia kuivuta pini nje kiasi cha milimita moja, maana pini isiyokaa mahali pake huleta dalili ileile. Dawa ya kudumu ni kununua iafoni yenye mistari miwili, isiyo na maiki. Kwa pleya, hiyo ndiyo ya kuanza kuitafuta, na mara nyingi huwa rahisi kidogo pia, kwa sababu hulipii maiki usiyoitumia.

Kuziba sikio ni nusu ya sauti

Ukiniuliza pesa ndogo iende wapi, nitasema iende kwenye kukaa kwa iafoni sikioni. Watu hubishana juu ya chapa na ukubwa wa draiva, na kumbe iafoni ileile ya bei ileile inaweza kusikika nzito na tamu sikioni mwa mmoja, na nyembamba kama redio ya betri zilizochoka sikioni mwa mwengine. Tofauti ni kile kipande laini cha mpira kilicho mwishoni.

Besi, ile sauti nzito ya chini, ni hewa inayosukumwa polepole. Draiva ndogo haina nguvu ya kujaza hewa ya chumba kizima, lakini ina nguvu ya kutosha kusukuma ile hewa kidogo iliyofungiwa kwenye tundu la sikio. Pakiwa na mwanya, hewa hupenya pembeni na besi huondoka nayo. Ni kama kujaza upepo gurudumu la baiskeli ilhali mdomo wa pampu haukukaa sawa kwenye valvu: unapampu mpaka jasho linakutoka na gurudumu liko vilevile.

Iafoni za kuziba huja na mipira ya saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Ile iliyovishwa tayari ni ya kati, na wengi hawaibadilishi kamwe. Ijaribu yote mitatu, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Masikio ya mtu si lazima yalingane. Namna ya kutia ni hii: pitisha mkono mmoja nyuma ya kichwa, vuta sikio la upande wa pili juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, tia iafoni kwa kuizungusha taratibu, kisha achia sikio. Ikiziba, utasikia besi inaingia ghafla na kelele za nje zinashuka. Ukitafuna au ukipiga miayo na besi ikapotea, saizi ni ndogo. Ukiumwa baada ya dakika kumi, ni kubwa. Kuna pia mipira ya sponji: unaibana kwa vidole, unaitia upesi, unaishikilia nusu dakika mpaka ifutuke na kujaza tundu. Huziba vizuri kuliko ile ya kawaida, ila huchakaa na kunyonya jasho, kwa hiyo itabidi kubadilishwa.

Zile iafoni za zamani za duara, zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuziba, haziwezi kutoa besi ya maana hata zikiuzwa ghali. Hilo si kosa la fundi aliyezitengeneza. Faida yake ni kwamba unasikia yanayopita karibu nawe, na hapa kwetu hilo si jambo dogo. Kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu, mtu aliyeziba masikio yote mawili hamsikii mwenye punda anayemwambia apishe, na punda mwenye mzigo wa mawe ya kujengea hana breki. Malindi ni bodaboda na tuktuk. Ukitembea, toa upande mmoja.

Kinyume chake ni chomboni. Ukivuka kuja Lamu kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kwenye boti ya injini, iafoni isiyoziba hukulazimisha kupandisha sauti mpaka ishinde injini. Inayoziba huipunguza injini kwanza, kwa hiyo muziki unatosha ukiwa chini. Hapo kuziba si anasa, ni kinga ya masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha usalama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila ukiongeza desibeli 3, muda hukatika nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Desibeli 3 ni kiasi kidogo sikioni, rahisi kutokitilia maanani unapobonyeza kifungo. Masikio yakivuma usiku baada ya safari, ulizidisha.

Omu, desibeli na tangi la juu ya paa

Nyuma ya kasha, kwa herufi ndogo, huwa kuna namba mbili zinazofaa kusomwa. Ya kwanza hupimwa kwa omu, nayo inaonyesha iafoni inavyouzuia umeme kupita. Ya pili hupimwa kwa desibeli kwa kila miliwati moja, nayo inaonyesha sauti inayotoka kwa umeme mdogo kiasi hicho.

Fikiria tangi la maji juu ya paa. Kimo cha tangi ni volti za pleya, na wembamba wa bomba ni omu za iafoni. Tangi la juu sana husukuma maji hata kwenye bomba jembamba. Pleya ndogo ni tangi la chini, halina msukumo mkubwa, kwa hiyo linataka bomba pana: omu chache.

Tufanye hesabu. Tuseme pleya yako inatoa nusu volti ikiwa imefunguliwa yote. Kwenye iafoni ya omu 32 hiyo ni kama miliwati 8. Kwenye hedifoni ya studio ya omu 250 ni miliwati 1 tu, yaani sehemu moja ya nane. Kama zote mbili zina desibeli 100 kwa miliwati, ya kwanza itafika karibu desibeli 109 na ya pili itaishia 100. Kwa sikio, tofauti hiyo ni karibu ya kuona sauti imepungua nusu. Utasema desibeli 100 ni nyingi, na ni kweli kwa wimbo uliorekodiwa juu. Lakini taarabu nyingi za zamani zilihamishwa kutoka kanda na ziko chini mno, na hapo ndipo mtu hubonyeza kifungo cha sauti mpaka mwisho na bado anataka zaidi. Yule anayenunua hedifoni nzito ya studio iliyotumika, akidhani amebahatika, hukutana na tatizo hili siku ya kwanza.

Kwa pleya, basi, tafuta omu 16 hadi 32, na desibeli 100 au zaidi. Kati ya 16 na 32, mimi huelekea 32. Za 16 hula betri zaidi, na baadhi ya pleya rahisi hupitisha sauti kwenye kapasita ndogo, kijidude cha kuchuja umeme, inayokata besi mapema zaidi pale iafoni inapokuwa na omu chache.

Maneno mengine ya kwenye kasha tuyapitie upesi. Hezi 20 mpaka 20,000, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, huandikwa karibu kila mahali. Hiyo ndiyo safu ya sauti ambayo sikio zuri la kijana husikia, na kuiandika kwenye kasha hakuthibitishi kitu, kwa sababu haikwambii sauti imeshuka kiasi gani pale mwisho. Ni sawa na nahodha kukwambia chombo chake kinakwenda toka Lamu mpaka Kiunga bila kukwambia kwa siku ngapi. Draiva kubwa haimaanishi sauti bora. Draiva ya milimita 6 iliyotengenezwa vizuri huishinda ya milimita 14 iliyofungwa ovyo. Besi ya ziada kwa kawaida ni besi iliyofutuliwa mpaka inafunika sauti ya mtu, na kwa anayesikiliza kasida, mashairi au kisomo ni hasara tupu, maana anachokitaka kiko katikati. Maneno ya kuzuia kelele kwa umeme, kwenye iafoni ya waya isiyo na betri wala chaji, hayana ukweli: kuzuia huko kunahitaji maiki na umeme wake. Kinachozuia hapo ni ule mpira.

Pini ya rangi ya dhahabu inastahili neno la ziada. Dhahabu haiongezi utamu wa muziki. Ila haishiki kutu, na kwa mji ulio ndani ya bahari, chumvi ikipeperushwa na kusi na kaskazi, hilo lina maana ya kweli. Shida ni kwamba pini za bei ya chini mara nyingi hupakwa rangi tu. Zikianza kuchubuka na kuonyesha weupe au ukijani ndani ya miezi michache, ujue ilikuwa rangi.

Redio, Bluetooth na tundu la Type-C

Wengi huinunua pleya kwa sababu ina redio ya FM. Basi lijue hili kabla hujalipa: kwenye pleya hizo waya wa iafoni ndio antena. Ukichomoa waya, redio hunyamaza au hukwaruza. Anayenunua iafoni za Bluetooth amejikatia redio, hata kama pleya yake ina Bluetooth. Waya uliokunjwa ukafungwa kwa raba nao hushika mawimbi vibaya. Uachie uning'inie wote, na ikikwaruza, geuka au inua mkono.

Bluetooth yenyewe si mbaya. Angalia kwanza kama pleya inayo, maana nyingi za bei ya chini hazina. Kisha kumbuka kila upande una betri yake ndogo ambayo miaka michache ya kuchajiwa itaimaliza, na fundi hana namna nzuri ya kuibadilisha. Na upande mmoja ukiangukia mtaroni au pembeni mwa gati, umebaki na kipande.

Kuna kosa jipya linaloenea. Pleya ina tundu la Type-C, mtu anaona iafoni za pini ya Type-C zinauzwa, anadhani zimeumbwa kwa ajili yake. Kwenye pleya nyingi tundu hilo ni la chaji na kuhamishia nyimbo tu. Iafoni ya Type-C kwa kawaida ina kichipu ndani kinachogeuza namba kuwa sauti, na kinahitaji kifaa kinachojua kuzungumza nacho, kama simu. Ukichomeka kwenye pleya kama hiyo utapata kimya. Kama pleya ina tundu la duara la milimita 3.5, nunua pini ya duara, na usiongeze kiunganishi cha aina yoyote.

Kuzijaribu mbele ya muuzaji

Nenda na pleya yako mwenyewe, si simu. Weka ndani sauti ya mtu mmoja asiye na ala, kwa mfano msomaji wa Qurani au mhadhiri; wimbo mmoja wenye ngoma nzito; na kitu chenye kituo cha kimya. Vyote viwe faili nzuri. Wimbo uliobanwa mpaka kilobiti 64 kwa sekunde utavuma na kuchuja hata kwenye iafoni za elfu kumi, nawe utalaumu kisichohusika. Kilobiti 192 kwenda juu panatosha.

Anza na sauti ya mtu mmoja. Ivae sawasawa, funga macho. Sauti itoke katikati ya kichwa, kama nukta. Ikiegemea upande, draiva moja ni dhaifu. Ikiwa haina mahali, kama inatoka pande zote na wala huwezi kuielekezea kidole, na besi imepotea ijapokuwa umeziba vizuri, nyaya za upande mmoja zimelehemiwa kinyume: draiva moja inasukuma wakati nyengine inavuta. Hutokea kwenye za bei ya chini, na watu huishi nazo miaka wakidhani ndivyo zilivyo. Zirudishe hapohapo.

Kisha ngoma. Pandisha sauti kidogo kuliko kawaida yako na usikilize kama kuna kitu kinachotetemeka kama karatasi. Halafu kimya: fuu kidogo ni ya pleya, lakini mikwaruzo inayokuja ukiigusa pini si ya pleya. Zungusha pini ndani ya tundu, kisha ukunje waya taratibu pale unapoingia kwenye pini, pale unapogawika na pale unapoingia kwenye kila iafoni. Sauti ikikatika hata mara moja, usizichukue. Mahali hapo patatu ndipo zinapofia karibu zote.

Kwa bei, usitegemee miujiza kwenye zile za shilingi mia mbili: zinafaa kwa redio na habari, na zikidumu miezi mitatu zimejitahidi. Ukiweza kujikusanyia mpaka elfu moja na nusu au elfu mbili, unafika kwenye iafoni za kuziba zenye kebo inayochomoka, ambayo hushikwa na vijipini viwili kila upande, na hizo ndizo ninazozipendekeza kwa moyo wote kwa mtu wa pwani. Waya ukifa unabadilisha waya peke yake. Uliza kama vijipini ni vya milimita 0.78, kipimo kilichozoeleka, ili kebo ya badala ipatikane. Anayeudhiwa na kitu sikioni aangalie hedifoni nyepesi za sponji, za mtindo uliotapakaa tangu Walkman ya Sony ilipotoka mwaka 1979. Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inatengenezwa. Ina omu 60, kwa hiyo pleya dhaifu itaisukuma kwa shida kidogo, lakini sauti yake ya mtu inapendeza.

Zikishakuwa zako, adui ni jasho na chumvi. Zipanguse kwa kitambaa kikavu kila ukizivua, uzihifadhi kwenye kikebe chenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja ndani ya viatu vipya. Usiuzungushe waya kwenye pleya pini ikiwa ndani. Uzungushe kwenye vidole vinne, utoe mkono, uuache ulegee. Upande mmoja ukififia, usikimbilie kusema umekufa. Toa mpira, mulika wavu mdogo ulio mdomoni mwa iafoni, mara nyingi utaona nta ya sikio imeuziba. Iinamishe ielekee chini, isugue kwa mswaki mkavu laini, nta idondoke nje isirudi ndani. Mipira ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Waya ukikatika kwenye pini, fundi anaweza kuweka pini mpya. Mara nyingi wekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na wa rangi ya shaba ni wa kurudisha umeme. Nyuzi hizo zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, na fundi asipoichoma kwa ncha ya moto ya chuma cha kulehemu mpaka shaba itokeze, risasi itazishika kwa nje tu na sauti itakatika tena baada ya siku mbili. Mwombe azijaribu kwa ile sauti ya mtu mmoja kabla ya kuifunga pini.